Kenge wa Akol

Nilipofika jina la saba, Mzee Kuany aliinua mkono wake wa kushoto, ule usio na kidole cha shahada, akaniambia ninyamaze.

"Rudia hilo la mwisho."

"Biar," nikasema. Tena nilisema kwa sauti, maana mimi kunong'ona sijui. Miaka minne nilikuwa nimesimama kando ya mashine ya kusaga mahindi pale kambini Kakuma, na asiyejifunza kupiga kelele pale hasikiki hata akiungua. "Mimi ni Arek wa Akol, wa Lual, wa Ayuen, wa Thon, wa Ajang, wa Kuir, wa Biar."

"Biar yupi? Aliyekufa maji akivusha fahali mwekundu?"

"Huyo huyo!" Nikacheka kwa raha, kwa kuwa baba yangu alinisimulia mpaka habari za fahali. "Biar akazama, fahali akatoka mzima ng'ambo ya pili, akaanza kula nyasi."

Hakuna aliyecheka nami. Wanaume saba walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki tulivyoazima kanisani, na wote saba wakatazama chini kwa pamoja. Malual, kijana aliyekuja kunichumbia, alikuwa amesimama kwenye ua wa miiba na shati lake jeupe alilopiga pasi ya mkaa. Mzee Kuany ni ndugu wa marehemu baba yake, ndiye aliyewaongoza. Akavuta pumzi, akasema polepole, "Biar huyo ni babu yetu. Kwetu sisi ni jina la sita. Hawa watoto ni ndugu."

Ilikuwa Januari, mwaka 2013. Nchi yetu Sudan Kusini ilikuwa na mwaka mmoja na nusu wa uhuru, na mimi na Malual tulikuwa tumepanga tuoane, kisha tuvuke mpaka pale Nadapal twende tukaione hiyo nchi tuliyotolewa migongoni. Kwetu Wadinka, kabla ya kuoana, mababu huhesabiwa kwanza. Wakikutana popote, ndoa hufa hapo hapo. Ndugu wakioana huja kitu tunachokiita akeeth, na akeeth haimpigi mwenye kosa, humpiga mtoto wake. Nimewaona watu wakiacha pombe, wakiacha mizimu, wakibatizwa mara mbili, lakini sijamwona Mdinka aliyeacha kuiogopa akeeth.

Babu yake baba yangu Akol, kumbe, alihama zamani akaenda kukaa kwa wajomba zake, na uzao wake ukahesabiwa kuwa watu wa huko. Ndiyo maana hakuna aliyejua mpaka mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu mpana, nilipowahesabia.

Majina hayo alinifundisha Akol. Kila jioni kabla ya chakula alinisimamisha mbele ya jiko, nikayataja, nikikosea moja narudia yote, huku asida, ugali wetu, inapoa. Alikuwa katekista, mwembamba, mrefu, na suruali zake zote zilimwishia juu ya kifundo cha mguu. "Asiyejua babu zake ataoa dada yake," alikuwa akisema. Nami nikayakariri kwa kumpendeza yeye, maana hakuna mtu niliyempenda kama Akol. Alisuka nywele zangu kwa mikono yake mpaka nilipofika miaka saba, vibaya sana, mistari inapinda huku na huku, na alipomwoa Nyandeng, kitu cha kwanza alichofanya Nyandeng ni kunifumua kichwa kizima.

Kulikuwa na jambo moja tu la ajabu kwake. Wakati wa kiangazi, kenge walikuwa wakipanda kutoka laga la Tarach, ule mto mkavu unaopita kando ya kambi, wakaingia nyumbani kwetu kutafuta maji na mayai. Nyumba nyingine kenge alipigwa mawe. Kwetu Akol alitoka mbio, akawafukuza watoto kwa ile sauti ya mahubiri, kisha akaniita.

"Arek! Mgeni wako amefika."

Alikuwa akinimiminia mafuta kidogo kiganjani, haya haya ya mgao ya kopo, nami nikamnyunyizia kenge mgongoni, naye kenge akatulia au akakimbia kama alivyopenda. Kisha Akol aliinamisha kichwa. Mimi nilidhani ni mchezo wetu. Nyandeng alikuwa akilalamika mpaka jioni: "Watu wanakula mboga kavu, mafuta yanakwenda kwa kenge!" Na siku moja Mzee Kuany, aliyekuja kwa shughuli za kanisa, alitukuta tukifanya hivyo, akashika mbavu zake kwa kucheka.

"Katekista mzima! Akol, kumbe huko kwenu mnaheshimu kenge?"

"Anaheshimiwa hapa kwangu," Akol akajibu, akafunika kopo lake.

Akol alikufa mwaka 2009. Malaria, siku nne. Nilimlilia mpaka sauti ikakatika, nikawa natuma watu kwa ishara za mikono pale kwenye mashine, na wateja wakasema afadhali.

Malual alikuja kwenye mashine mwaka 2012 na kilo kumi za mahindi yaliyolowana. Mahindi mabichi hugeuka ugali ndani ya mashine na kuifunga. Nikazima mtambo, nikamtukana kuanzia utosi hadi kisigino mbele ya foleni nzima. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alivua viatu, akakunja mikono ya shati, akakaa nami saa mbili tukikwangua ule uji kwa visu, na alipoondoka alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Kesho yake akarudi na mahindi makavu, kikombe kimoja tu, akasema amekuja kufanya mtihani wa marudio. Nilimpenda hapo hapo, sitaki kudanganya.

Sasa Jumatatu baada ya hesabu ile alikuja tena, akasimama karibu na mashine ili kelele zitufiche.

"Sema neno, Arek."

"Niseme nini? Wewe ni kaka yangu."

"Sijawahi kuwa na dada anayenitukana hivi." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Twende Juba. Huko nani atatuhesabu?"

Moyo wangu ulitaka, haki ya Mungu. Lakini nilijiona nimebeba mtoto, namhesabu vidole kila asubuhi, nasubiri lini kitu kitamshika. Nikamwambia akeeth haisomi kibali cha kusafiri. Akaondoka bila kuaga, nami nikamsagia mama mmoja mtama wake pamoja na kamba ya gunia.

Siku ya tatu Nyandeng aliniita jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani bila kazi, na Nyandeng bila kazi mikononi ni jambo la kutisha.

"Kaa chini. Mimi si mama yako wa tumbo, hilo unajua."

"Najua, mama."

"Akol pia si baba yako wa damu."

Niliinuka, akanivuta kanga nikakaa tena.

"Aliniapisha. Alisema atakwambia mwenyewe siku utakayochumbiwa, kifo kikamtangulia. Siku ile wazee walipokaa hapa nilitaka kusema, lakini ningesema nini? Baba yako wa damu simjui hata jina. Wangeniambia natunga ili uolewe." Akafuta pua kwa kanga. "Kuna mtu mmoja anayejua. Abuk. Yuko Lodwar, aliolewa na Mturkana. Aliyekukabidhi kwa Akol ni yeye."

Nilitoka nje. Nyandeng alinifuata mpaka mlangoni akasema, "Arek, kuzaa si kazi, kazi kulea," nami nikazidi kwenda. Nilikuwa nimemkasirikia marehemu. Jioni zote zile mbele ya jiko, majina yote yale, alikuwa ananikaririsha uongo na chakula kinapoa! Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kinachochungulia, nacho kilikuwa furaha. Kama Akol si baba yangu, basi Biar si babu yangu. Niliona aibu nusura nijifiche: nilikuwa nafurahi kumpoteza baba yangu mara ya pili.

Mkimbizi haondoki Kakuma bila kibali. Nilipanga foleni siku tatu, nikapewa wiki moja. Namuria, mama wa Kiturkana mwenye mashine, alinitafutia nafasi kwenye lori la shemeji yake Ekai lililokuwa linarudi Lodwar tupu baada ya kushusha mtama. "Ejok," Ekai alinisalimia, na mpaka Lodwar hakuongeza neno lolote isipokuwa kuilaani barabara, nami nikamshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Abuk nilimpata sokoni kwa wauza vikapu. Katika safu ya wanawake wa Kiturkana wenye shanga hadi kidevuni alikuwa mmoja mweusi zaidi, mrefu hata akiwa amekaa, na shanga zake pia hadi kidevuni. Alikuwa anasuka kikapu cha milala. Nilisimama mbele yake. Akainua macho, kikapu kikamtoka mkononi.

"Nhial," akasema. "Una uso wa Nhial."

"Mimi ni Arek."

"Najua wewe ni Arek. Mimi ndiye niliyekupa jina." Akajifunika mdomo kwa viganja viwili. "Umekuja kunigombeza."

"Nimekuja kuuliza baba yangu ni nani, mama."

"Siyo mama. Shangazi. Nhial ni kaka yangu, tumbo moja."

Tulikwenda kwake, nyumba ya mabati ng'ambo ya daraja la Turkwel. Mumewe Lokuruka alinisalimia, akaniangalia, akamwangalia mkewe, akachukua fimbo yake akaenda kukaa kwa jirani ili tulie vizuri. Tukalia. Kisha akanisimulia, akisuka, maana alisema mikono ikisimama maneno nayo husimama.

Serikali ya Ethiopia ilipopinduliwa mwaka 1991, kambi zetu za huko zilivunjika kwa siku moja, watu wakakimbilia mto wenye mafuriko huku risasi zikiwafuata. Nhial alimvusha mama yangu, akanivusha mimi, akarudi kuwachukua wengine. Hakutoka tena. Mama alitembea mwezi baada ya mwezi, akafika Narus, akalala chini na homa, asiinuke tena. Kilomita chache zaidi angefika Kenya.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," Abuk alisema. "Nilikubeba mgongoni mpaka kwenye meza ya kuandikisha. Mbele yetu watoto wasio na baba walikuwa wanatengwa upande mwingine, kikundi cha peke yao. Niliona ndugu wawili wakiachanishwa mikono. Akol alikuwa rafiki wa Nhial, walikula sahani moja Ethiopia. Mwandishi akauliza, huyu mtoto wa nani? Mimi nikakosa sauti. Akol akasema, 'Wangu.' Akataja na baba yake na babu yake, yakaandikwa."

"Na wewe?"

"Mimi niliandikwa peke yangu. Baadaye nikampata Lokuruka. Watu wetu walisema msichana aliyekwenda kwa Mturkana amekufa, asikanyage kwao. Nikakubali kufa." Akakaza mlala kwa meno. "Lakini kabla sijaondoka nilimgombeza Akol. Nilimwambia, umemwiba mtoto wa Nhial. Akaniambia: 'Sijaiba, nimeazima. Jina lake nimelifunika ili asitengwe. Kitu cha ukoo wake sitakigusa.' Niambie kweli, Arek. Aliwahi kukuonyesha?"

"Anionyeshe nini?"

Kila ukoo kwetu una kitu chake cha kuheshimiwa. Wengine simba, wengine mti fulani. Watu wa Akol na wa Mzee Kuany ni mbweha. Nilijua hilo, kila mtu anajua la kwake, lakini sikumbuki Akol akinihimiza kumheshimu mbweha hata siku moja.

"Bibi wa kwanza wa ukoo wetu alizaa mapacha," shangazi akasema. "Mmoja mtu, mmoja kenge. Wa pili wakampeleka mtoni kwa heshima. Kwa hiyo akija nyumbani ni ndugu amekuja, anapakwa siagi. Huko kwetu kwenye kinamasi wanalala juani kando ya zizi, ng'ombe wanawapita tu..."

Sikusikia mengine. Nilikuwa nimeinua kiganja changu cha kulia nakitazama. Miaka yote ile, kopo la mafuta, kichwa cha Akol kimeinama. *Mgeni wako amefika.* Wako, alisema. Hakuwahi kusema wetu. Lo, nililia siku ile kama mtu anayetua mzigo wa kuni aliosahau kwamba ameubeba, na katikati ya kilio nikaanza kucheka, kwa kumkumbuka Nyandeng na mboga yake kavu, mpaka Lokuruka akaja kuchungulia kama tuko salama.

Abuk akanipa majina yangu: Arek wa Nhial, wa Mayen, wa Leek, wa Achiek, wa Panchol, wa Dhieu, wa Athian. Nilirudi nikiyakariri ndani ya lori. Yalinibana mdomoni kama viatu vipya, na mara mbili nilianza na Akol bila kukusudia. Shangazi alikaa kati yangu na Ekai, amevaa shanga zake zote. Karibu miaka ishirini hakuwa ameikanyaga Kakuma.

Wazee walikaa tena Jumapili baada ya ibada, viti vile vile. Abuk alisimama akasema yote. Wawili walimgeuzia mgongo. Mzee mmoja akatema mate kando akasema, "Mke wa Mturkana atashuhudia nini? Kesho mwingine ataletwa kutoka Namoruputh aseme huyu ni binti wa mfalme."

Nilifungua mdomo nimjibu, Nyandeng akanikanyaga mguu.

"Hata majina akitaja," mzee akaendelea, "majina mtu hujitungia. Nani mwingine anajua?"

"Kenge anajua," shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukoo wetu ni wa kenge. Sijaishi na mtoto huyu. Sikuwa hapa. Ulizeni waliokuwa hapa kama Akol alimfundisha mbweha au kenge."

Nilimtazama Mzee Kuany. Alikuwa ameshika mkono wake wenye pengo la kidole, anaukanda. Kanisa lilikuwa limeisha, na watu waliokuwa wanapita njiani walisimama kwenye ua. Malual alikuwa amefumba macho kabisa.

"Mimi nilikuwa hapa," Mzee Kuany akasema hatimaye. "Nilimkuta Akol akimmiminia mtoto mafuta ampake kenge. Nilimcheka mpaka nikasimulia watu. Nikamuuliza, kwenu mnaheshimu kenge? Hakusema kwetu. Alisema, anaheshimiwa hapa kwangu." Akamgeukia Malual. "Na siku ile hesabu ilipokutana kwa Biar, mwanangu, kenge yule alinijia akilini. Nikajiuliza, mtu wa mbweha na kenge wapi na wapi? Nikaona uvivu kuwaza, nikamfukuza. Nimewaumiza bure. Mnisamehe."

Kisha akanyoosha mkono kunielekea. "Hesabu upya, binti."

Nikahesabu. Nhial, Mayen, Leek, Achiek, Panchol, Dhieu, Athian. Akanifikisha mpaka la tisa, shangazi akinisaidia, naye akahesabu ya kwao mpaka la kumi, na hakuna mahali tulipokutana. "Khalas," akasema. "Hawa si ndugu." Nyandeng ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Cha pili kilipigwa na Abuk, na Mzee Kuany mwenyewe akainuka, akamletea kiti.

Malual alikaa chini palepale kwenye mchanga na shati lake la pasi, akapumua. Nami nikakaa kando yake mbele ya wazee bila adabu, na nafuu niliyoisikia siku ile sijaisikia tena, hata nilipojifungua.

Tulioana Agosti. Septemba tukaenda ofisini kuunganishwa kwenye kadi moja ya mgao. Karani aliitwa Bilha, dada wa Lodwar mwenye kucha za rangi, anaongea Kiingereza na kompyuta yake na Kiswahili na sisi.

"Hapa kuna barua ya wazee," akasema. "Unaweza kubadilisha jina la baba sasa, ni dakika moja. Niandike nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema Nhial. Nilikuwa nimemzoea, jioni nilimtaja mbele ya jiko langu mwenyewe. Lakini meza ile, na kalamu ile, na swali lile lile mtoto wa nani.

"Akol," nikasema. "Acha ilivyo."

Malual aliniinamia sikioni. "Arek, tafadhali. Tumetoka huko juzi."

"Ni kwenye karatasi tu."

"Basi kwenye karatasi nimeoa dada yangu."

"Nyamaza!" nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya mashine, na foleni nzima ikageuka kututazama.

Tukapita kwa Nyandeng tukiwa njiani kurudi. Alikuwa amefungua kopo jipya la mafuta, sufuria iko motoni, vitunguu vimekwisha katwa. Aliponiona hakunisalimia. Alinishika mkono, akaugeuza, akanimiminia kiganjani.

"Yuko nyuma ya choo tangu saa nane," akasema. "Nimewafukuza watoto. Nenda, na usinimalizie mafuta."